Asali ya Ishiara Kwenye Ngazi ya Meli

Soko la Gakoromone lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha matope mekundu kila mahali. Nelius, binti wa Mzee Ngari wa Ishiara, alisimama nyuma ya meza yake akiwa amevaa sweta ya zambarau na aproni yenye mifuko miwili. Alikuwa akipanga chupa za asali ya baba yake, nyeusi nyuma, za rangi ya chai mbele, alipoona viatu vyeusi vikisimama mbele ya meza. Viling'aa kana kwamba matope yalikuwa yamekatazwa kuvigusa.

"Muga," mwenye viatu alimsalimu kwa Kimeru.

"Mimi wa Mbeere, bwana. Sema Kiswahili tusije tukadanganyana bei."

Kijana akacheka. "Haya. Asali hii ina sukari?"

"Sukari iko dukani. Hii imetoka kwa nyuki."

Akatoa kijiko kidogo katika mfuko wa shati lake jeupe, akakipangusa kwa leso, akaonja, akafumba macho. "Maua ya mgunga," alisema polepole. "Na moshi kidogo. Aliyerina hakuwa na haraka."

Makandi, muuza vitunguu wa meza ya pili, hakuweza kujizuia. "Huyu ni daktari wa asali ama ni mwizi wa kuonja?"

"Ni mpishi, mama. Napika melini."

"Meru kuna meli gani, wee?"

Hivyo ndivyo Nelius alivyomjua Mukiri, mzaliwa wa Mikinduri, aliyekuwa akikaa miezi tisa baharini katika meli kubwa ya watalii na miezi miwili nyumbani. Katika miezi hiyo miwili hakuikosa meza ile Jumamosi hata moja. Alinunua asali mpaka mama yake akamuuliza kama amefungua duka. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, nao wakakutana katika Kiswahili, lugha waliyofundishwa darasani kwa kiboko. Na Nelius alistaajabu kuona kwamba maneno yale ya mitihani yangeweza kusemwa kwa upole kiasi kile.

Kabla ya kuondoka, Mukiri alikwenda Ishiara kujionyesha kwa wazazi. Mzee Ngari, mtu wa maneno machache, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na chupa moja ya asali. Katika nyumba ile jambo hilo halikuwa dogo. Kijana aliyepewa asali ya mzinga wa mzee, akaipokea kwa mikono miwili na kuila, alikuwa amekubali na amekubaliwa. Siku ikawekwa: watu wa Mikinduri wangekuja Jumamosi ya pili ya Desemba.

Alipomsindikiza hadi barabarani, Nelius alimshika mkono wa shati. "Usiile huko melini."

"Sasa niile wapi, kipenzi?"

"Shuka nayo. Siku utakayokanyaga nchi kavu, kaa mahali, unipigie. Mimi nitakuwa na yangu huku. Tuile pamoja."

"Hata mkate nisipake kabla ya hapo?"

"Hata kulamba kidole."

"Nimekubali, madamu," alisema Mukiri, akampigia saluti.

Simu zikaanza. Sauti yake ilikuja na upepo nyuma yake, siku nyingine ikikatika katikati ya neno tamu. Alimweleza kwamba kila meli inapotia nanga yeye husimama juu ya ngazi ya kushukia, amevaa kofia nyeupe, akiwakumbusha abiria kwamba chakula cha melini hakishuki. Biskuti zilizofungwa kiwandani, sawa. Ndizi, mkate wenye nyama, matunda yaliyotiwa kwapani wakati wa kifungua kinywa, la.

"Na wanasikia?"

"Jana bibi mmoja aliweka mayai matatu ya kuchemsha ndani ya kofia yake. Nikamwambia, mama, kofia yako inanukia vizuri."

"Ukamnyang'anya?"

"Nikamvulia yangu, akanivulia yake."

Nelius alicheka hata wateja wakageuka. Siku kama hizo, jioni ilipotua juu ya Kilima cha Kiang'ombe kwao Ishiara, aliiona meli ile ikipita angani, nyeupe, bila sauti, madirisha yake yakiwaka safu juu ya safu. Abiria walikuwa wakiteremsha vikapu kwa kamba hadi kwenye ndengu zilizoanikwa uani, na mtu mmoja mwenye kofia nyeupe alikuwa ameinama ukingoni akimtafuta yeye. Mama yake alipomwita kuanua ndengu, alijibu mara ya tatu.

Miezi ilipita. Bandari moja mvua ilinyesha, nyingine Mukiri hakupata ruhusa ya kushuka. Hatimaye Jumapili moja ya Oktoba simu ililia asubuhi, Nelius akiwa nyumbani Ishiara, chai na viazi vitamu mezani, baba yake ameketi mkabala tayari kwa kanisa.

"Weka sauti, nami niisikie bahari," Mzee Ngari aliagiza.

Nelius akabonyeza.

"Mpenzi wangu, nimeshuka! Ua la Mbeere, kama ungeona—"

"Baba yuko hapa."

Ndege wa pwani walilia. "Habari ya asubuhi, Mzee!"

"Njema. Asali yangu umeionja?"

Mukiri alikuwa mtu asiyejua kusema uongo hata ule mdogo wa adabu. "Mzee, nimeitupa. Nimeitia pipani hapa bandarini sasa hivi, kwa sababu—"

"Zima," alisema Mzee Ngari.

Nelius akazima. Mzee aliinuka, akachukua kofia yake. "Asali haitupwi," alisema bila kupandisha sauti. "Anayetupa asali ya mtu amemrudishia binti yake."

Kabla ya wiki kwisha, ujumbe ulikuwa umefika Mikinduri: Desemba wasije.

Mukiri alipiga simu siku ile, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Nelius hakushika. Ukaja ujumbe: *Ni sheria ya bandari. Niruhusu nieleze.* Aliusoma hadi ukawa kama sala isiyo na amina. Alijiambia kwamba amekasirika. Mtu anayebeba kijiko mfukoni, angekosaje pa kuweka chupa? Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo alilowaficha wa nyumbani, nalo halikumpa usingizi: baba yake hakujua ni nani aliyeagiza asali ile ishushwe.

Makandi ndiye aliyeligusa, sokoni, akimenya kitunguu bila kumtazama.

"Si wewe uliniambia ulimkataza kuila melini?"

"Makandi, nyamaza."

"Nitanyamaza. Lakini umemtwika mtu mzigo, akianguka nao unamfungia mlango. Huko kwenu Mbeere mnapendana hivyo?"

Nelius alipanga chupa upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba alikuwa Ishiara kuchukua asali ya kuuza. Baba yake alikuwa uani akichonga kifuniko cha mzinga. Mbwa akabweka, na Nelius alipoinua macho alimwona Mukiri akipanda njia kwa miguu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na mikunjo, na viatu, kwa mara ya kwanza, vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Sikukuita," alisema Mzee Ngari.

"Najua, Mzee. Nimekuja kusema lililokatika. Ukinifukuza baadaye, nitaenda."

Mzee hakumpa kiti, lakini aliweka panga chini. Kwa Mukiri hilo lilitosha.

"Nchi ile hairuhusu asali ya kigeni kuvuka geti. Wana nyuki wao, wanaogopa ugonjwa. Pipa la manjano liko chini ya ngazi, na baada ya pipa kuna askari. Mimi ndiye ninayewakataza wengine kila siku, Mzee. Ile niliifunga ndani ya shati, nikaipita ngazi yangu mwenyewe kama mwizi. Nilipoliona pipa nikashindwa kwenda mbele."

"Ungeirudisha chumbani kwako."

"Ningeweza."

"Mbona hukurudi?"

Mukiri alitazama chini. "Abiria elfu mbili walikuwa wakishuka, na ngazi haipandwi hadi wamalize. Nilikuwa na saa moja na nusu tu. Ningengoja, muda wa simu ungekwisha. Nikachagua sauti yake nikaiacha asali yako. Nilikosea, Mzee. Sikufikiria mikono iliyoirina."

Upepo ulipeperusha maranda ya mti aliyokuwa akichonga mzee. Neno lilikuwa mdomoni mwa Nelius. Akilimeza sasa, angelimeza maisha yake yote.

"Baba, mimi ndiye niliyemwagiza ashuke nayo."

Mzee aligeuka.

"Yeye angeila melini siku ya kwanza. Nilimkataza hata kulamba kidole. Nilitaka tuile pamoja kwa simu. Uliposema amenirudisha nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu."

Mzee Ngari alipangusa kifuniko cha mzinga kwa kiganja, upande huu, kisha upande ule.

"Mwaka wa nondo, wale wadudu wa masega," alisema, kana kwamba anazungumza na mti, "nilichoma mizinga yangu kumi na mmoja, na asali ndani. Majirani walisema nimerukwa na akili. Ya kwao ikapona." Akamtazama Mukiri. "Hao watu wa pipa wanajua nyuki." Kisha akamgeukia binti yake. "Lakini wewe umekaa na neno hilo wiki sita, ukaniacha nimchukie mtu. Hilo limeniuma kuliko chupa."

"Nisamehe, Baba."

"Mwombe yeye. Mimi nitapoa." Akaingia ndani akiinama mlangoni.

Wawili wakabaki uani. Jua lilikuwa limelegea, na bonde la Thuci chini yao lilikuwa na rangi ya samawati, laini, kama kitu kinachoonekana kwa jicho lililofumbwa nusu. Wiki sita Nelius alikuwa na maneno ya kumwambia. Sasa yote yalitawanyika kama ndege waliorushiwa jiwe.

"Mbona hukushika simu, Nelius?"

"Niliogopa utanieleza, nami nikose pa kuiweka hasira yangu." Akashusha pumzi. "Nisamehe, Mukiri."

"Nimekusamehe tangu pale pipani." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wananitaka tena Februari. Miezi tisa. Sijatia sahihi. Ukisema nibaki, nitabaki, nipike hotelini Meru. Ukisema mambo yetu yameisha, nitatia sahihi leo hii."

Nelius aliichukua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari kama mtihani. Aliwaza miezi tisa ya sauti inayokatika, na ya kitanda chenye upande mmoja wa baridi. Aliwaza pia mtu huyu akizeeka hotelini, akitazama kila lori kana kwamba ni meli. Akamrudishia.

"Tia sahihi."

Uso wa Mukiri ukaanguka. "Basi ndiyo kwaheri?"

"Nani amesema kwaheri? Desemba haijafika. Nenda Februari, nenda popote meli inapokwenda." Akamshika mkono, mchana kweupe, mbele ya mlango wa baba yake. "Lakini uende ukiwa mume wa mtu."

Jibu lilitoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisikiliza kila kitu.

"Nelius! Muulize, watu wake wa Mikinduri ni wangapi? Nijue ni mbuzi mmoja au wawili."

Nelius hakugeuka, wala hakuuachia ule mkono.

"Wawili, Baba."