Gari la Chuo Nyumbani kwa Baba Mkubwa

Soko la Malindi Jumamosi halina adabu. Ukisimama unakanyagwa, ukitembea unasukumwa. Kache alikuwa amekumbatia mfuko wa jezi, suruali ya mazoezi ina vumbi la uwanja wa Barani hadi magotini, kitambaa cha njano kichwani, hasira puani. Alikuwa akimtafuta fundi wa kuchapa majina, maana jezi ya mshambuliaji haikuwa na mwenyewe tena. Akakata kona kwenye duka la leso, na nani kasimama pale? Randu!

Randu huyu alikuwa kocha wa chuo chao kidogo cha ufundi, Kache akiwa msaidizi wake, na mpenzi wake pia. Kisha Chuo cha Ukingoni cha Kilifi kikamwita kwa mshahara mnono, Kache akaachiwa timu. Mwezi mmoja tu, na bwana keshanenepa shingo. Suti ya michezo ya buluu, nembo ya dhahabu kifuani, marashi yananukia mpaka kwa wauza samaki. Mkononi ana jozi mbili za leso.

"Kache wangu! Mbona hushiki simu?"

"Mpigie Fondo. Si ndiye uliyemchukua?"

Fondo ndiye mshambuliaji mwenyewe, tena mtoto wa baba mkubwa wa Kache. Kijiji kizima cha Ganda kililiona gari la Ukingoni likisimama kwa baba mkubwa, wazee wa kina Randu wakishuka na dumu la mnazi. Siku chache baadaye Fondo akafunga viatu vyake mfukoni, akahamia Kilifi. Ndivyo ilivyo siku hizi: chuo chenye pesa kinachukua kocha, kocha anafuatwa na wachezaji, vyuo vidogo vinabaki kufungwa mabao hadi huruma.

"Uliniapia hutamgusa mchezaji wangu hata mmoja."

"Sikumgusa."

"Basi wazee wako walikwenda Ganda kuota jua?"

Randu akazisogeza leso nyuma ya mgongo. "Siwezi kusema sasa. Vumilia kidogo, laazizi."

"Na leso ni za nani? Umeshapata wa Kilifi?"

"Ni za... za akina mama fulani."

"Tena wawili! Hongera, kocha."

Akampa mgongo na kujitosa kwenye umati. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, simu ikalia. Alikuwa Shangazi Easter.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna kijana katuletea leso, mimi na shangazi yako Trizah. Nzuri kwelikweli! Sasa baba yako mkubwa anauliza, ule mnazi aunywe au asiunywe?"

"Mnazi gani?"

"Wa posa yako! Akiunywa, umekubali. Baba yako ni marehemu, mnazi ungepelekwa wapi tena? Na mwanamume hatakiwi kukutajia mpaka sisi tukuulize. Kwani hukushuku hata chembe?"

Kache akaketi kwenye mchanga wa uwanja. "Na Fondo, shangazi?"

"Huyo walimfuata mabwana wengine baadaye, kwa gari lile lile."

Safari hii Kache ndiye aliyempigia Randu. Mchana huo Randu akafika Barani kwa bodaboda, shati la kawaida, marashi hakuna.

"Nisamehe," Kache alisema. "Nilikuhukumu bila kuuliza."

"Usiombe msamaha wote, mpenzi. Dereva ndiye aliyemwonyesha Gachanja, bosi wetu wa michezo, nyumba ya Fondo. Lakini gari nililiomba mimi. Nilitaka wazee wangu waonekane watu mbele ya wenu."

"Ulimwambia nini huyo Gachanja?"

"Nilifoka. Akanijibu kwamba makocha ni wengi mjini. Mimi ni wa tatu tangu mwaka juzi." Alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. Kisha akamshika mkono. "Njoo Kilifi, Kache. Uwe msaidizi wangu tena. Kuna uwanja wa nyasi, kuna basi la timu. Hapa utahangaika bure. Kila utakayemlea, akiiva tutakuja kumchukua."

Tutakuja. Wote wawili walilisikia. Randu akaangalia chini.

Kache akawatazama vijana wake wakijinyoosha. Mwaro alikuwa amevaa jezi ya Fondo, jina lake jipya mgongoni halijakauka vizuri, na mpaka juzi alikuwa beki. Huenda naye akiiva atafuatwa. Wazo hilo lilimchoma, lakini halikumwondoa pale. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa mambo mawili, na hakuona kwa nini achague moja kwa sababu mwanamume kamshika mkono.

Akatoa simu. "Shangazi? Mwambie baba mkubwa aunywe."

Kutoka upande wa pili vigelegele vilipanda hadi Randu akavisikia. Akamnyanyua Kache juu, vijana wakapiga miluzi.

"Basi utahamia lini, mke wangu?"

"Niteremshe kwanza." Akajipangusa vumbi, akamtazama machoni, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mimi nitaolewa, Randu. Timu haiolewi."

Kisha akamwomba asogee nje ya mstari, akapuliza filimbi.