Kioo Kilichomchubua Hidaya

Duka la Mwinjuma lilikuwa linanuka. Lilinuka vumbi lililoungua kwa umeme, mikojo ya panya, na udi wa bei rahisi aliouwasha mwenyewe ili kuvificha hivyo viwili. Soko huria lilikuwa limefungua milango, na mwaka ule wa 2004 kila kompyuta iliyochokwa na wenyewe huko Ulaya ilitua mahali kama pale. Jumamosi asubuhi watu wa Morogoro walijazana humo, wakisukumana kwa viwiko kama wako kwenye mitumba ya nguo.

Kondo alikuja kutafuta monita. Alikuwa na studio ya picha jirani na soko, ameshanunua kamera ya dijitali, na sasa alitaka kioo cha kurekebishia picha, kizuri lakini cha bei ya mtu wa kawaida. Mwinjuma alitema mate kwenye kitambaa, akafutia monita moja bapa, nyembamba.

"Hii ndiyo flati, bosi. Huko ilitumika wiki mbili tu."

"Wiki mbili, na mende keshazalia humo?" sauti ya kike iliuliza.

Kweli mende alikuwa anatoka kwenye matundu ya nyuma, bila haraka. Kondo aligeuka. Alimwona msichana mweusi tii, ngozi inang'aa, gauni la zambarau, ushungi mweupe, na vidole vyenye wino wa bluu usiotoka kwa sabuni. Jina lake Hidaya. Alikuwa mchanganya rangi katika kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi, na bosi wake alikuwa amemtuma kibodi.

"Kaka, unataka ya kuandikia barua au ya picha?"

"Ya picha, dada."

"Basi hiyo achana nayo. Hebu inama. Sasa simama. Umeona kijivu kinavyogeuka? Chukua lile chogo pale, la zamani lenye kisogo kikubwa. Ni zito, ni baya, ila rangi zake zimetulia. Ukifika nalo, weka pembeni picha iliyokwisha kuchapwa, ufananishe."

"Lile? Si friji lile?"

"Kwani unaoa kioo, au unakitazama?"

Kondo alicheka mpaka akasahau ile harufu. Hata hivyo alinunua flati, maana alitaka wapita njia waione dirishani wamwone mtu wa kisasa. Alitoka nayo kwapani, na namba ya simu ya Hidaya ameiandika kiganjani.

Wakaanza kubipiana. Asubuhi bipu, mchana bipu, na vocha ikipatikana, maneno.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na friji lako hujalinunua?"

"Ukininunia kwa ajili ya friji nitalia."

"Lia, nikupangusie kwa kanga."

Miezi mitatu hivyo. Kisha Kondo akaamua kupeleka posa. Wazazi wake hawakuwepo tena, na mwenye kauli kwao alikuwa shangazi yake, Bi Mosi wa Mikese. Bi Mosi alitaka kwanza aione picha ya binti. Hidaya alivaa gauni la kijani, akaketi kwenye stuli ya studio, mikono mapajani, na Kondo akampiga picha. Siku mbili baadaye alimwita aione kabla haijapelekwa.

Hidaya aliitazama, na tabasamu likamfia mdomoni. Uso uliokuwa kwenye karatasi ile ulikuwa mweupe wa kuchusha, wenye wekundu mashavuni. Aliujua uso huo. Dada yake Mwaisha alijipaka mkorogo miaka minne hadi mashavu yakachanika, na Hidaya ndiye aliyekuwa akimwosha vidonda kwa maji ya chumvi huku amebana pumzi.

"Umenichubua," alisema.

"Nini?"

"Umenichubua, Kondo. Mimi nimekataa mkorogo maisha yangu yote, wewe umenipaka bila kuniuliza. Nasikia kichefuchefu."

Akaiweka ile picha kifudifudi mezani, akaondoka. Posa ikakwama hapo. Kondo alipiga simu wiki mbili, haikupokelewa.

Alikuwa bado anajiona kaonewa, mpaka mteja mmoja akashuka kutoka Mgeta na albamu ya harusi yake.

"Bwana Kondo, mke nilimwoa mzima. Humu umeniwekea maiti."

Ndipo alipofanya alichoambiwa tangu siku ya kwanza. Aliishika picha ya Hidaya kando ya kioo. Kwenye flati alikuwa maji ya kunde, kwenye karatasi alikuwa unga. Kioo kilikuwa na giza, na yeye amekuwa akiongeza mwanga kama kipofu! Alifurahi kama mtu aliyefutiwa kesi. Alikimbia kwa Mwinjuma, akarudi na chogo kwenye mkokoteni, kisha akapiga simu ya kibandani ili namba isijulikane.

"Hidaya, usikate. Ulisema kweli, tatizo ni kioo. Njoo uone mwenyewe, nakuomba."

Alikuja, hakukaa. Kondo aliifungua picha ile ile kwenye vioo vyote viwili. Kwenye chogo ilitoka nyeupe, vile vile kama kwenye karatasi.

"Kwa hiyo uliona giza, ukaongeza mwanga," Hidaya alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kulainika.

"Ndiyo, mama. Wallahi ni kioo."

Alisogea karibu. Kidole chenye wino kikashuka kutoka usoni hadi mapajani.

"Mbona mikono ni yangu?"

Kondo aliinamia kioo. Mikono ilikuwa bado nyeusi tii.

"Giza lilikuwa usoni peke yake?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema mikono aliisahau. Lakini alijiona alivyokuwa siku ile, anauzungushia uso ule mstari taratibu kwenye kompyuta, anauparura weusi wake, na akajichukia.

"Uso niliuchagua mimi," alisema. "Wateja wote wananiambia niangaze kidogo, mkono ukazoea. Wewe hukuniambia. Nilidhani shangazi atapenda."

"Atapenda nini?"

"Mke mweupe kidogo."

Hidaya alijifuta kiganja kwenye gauni kama mtu aliyeshika konokono. Alifika mlangoni, akasimama, amempa mgongo.

"Ungesingizia kioo ningekusamehe leo, halafu nikuonee kinyaa maisha yangu yote."

"Na sasa?"

"Sasa nakuonea kinyaa leo." Alivuta ushungi wake vizuri. "Kesho sijui. Njoo nyumbani uniulize."