Kifuniko cha Shangazi

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze jinsi ujuzi usiouliza ulivyotaka kuufunga mgahawa wa watu.

Ulikuwa mgahawa mdogo wa meza nne, na mpishi wake mtaa mzima ulimwita Shangazi. Kibao hakuwa nacho. Hata hivyo, kila mchana mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa ng'ambo ya barabara waliujaza, wakila na kutaniana mpaka sufuria ibaki tupu.

Akaja binti wa kaka yake, mbunifu wa nembo na tovuti. Alimpenda shangazi yake kwa dhati, hilo simnyimi. Alipaka mlango rangi, akatundika kibao cha kupendeza, akafungua tovuti yenye picha za kumtoa mtu udenda. Kilichomkera ni kifuniko kikuukuu cha sufuria, chenye mbonyeo, kilichoning'inia kwenye msumari mlangoni.

"Hiki kinaharibu sura, shangazi."

"Mwanangu, hicho mimi huwa..."

"Niachie mimi. Kazi yangu hii."

Shangazi akameza maneno; nani abishane na msomi? Kifuniko kikasukumwa uvunguni mwa meza.

Kesho yake hakuja fundi hata mmoja. Wala siku iliyofuata. Tovuti ilihesabu wageni mia tatu. Mezani walikuwepo nzi tu.

"Kumwaga chakula kunaniuma," Shangazi alisema wiki ilipokwisha. "Kesho nafunga, basi."

Binti alilia. Kisha udadisi ukamshika: watu wale wamekwenda wapi? Akavuka barabara, akawakuta wanatafuna mkate mkavu.

"Shangazi anaumwa nini?" mwashi mmoja akamuuliza.

"Haumwi! Anapika kila siku."

"Mbona hatundiki kifuniko? Tukiwa huko juu tunakiona kinameta, tunajua chakula kimeiva, tunashuka."

"Na kibao changu hamkukiona?"

"Tumekiona, kizuri kweli. Lakini dada, kibao kipo hata usiku."

Binti alirudi mbio, akaingia uvunguni kwa magoti, akakitundika kifuniko mahali pake. Akasimama akitazama juu. Mtu akapiga mluzi. Wakaanza kushuka.

Leo nembo ya mgahawa ni kifuniko kile, na mbonyeo wake haukufutwa.

FUNZO

Kuuliza si ujinga. Ukiitwa kupamba mlango wa mtu, muulize mwenyewe, kisha waulize wanaoupita. Nawe mwenye mlango, usimeze neno lako mbele ya msomi. Shangazi alikatizwa sentensi moja tu, na chakula cha wiki nzima kikamwagwa.