Kadi ya Pili

Maiti ya mpiga picha ilikuwa chini ya ngazi, imelala chali, kamera kifuani na mkanda wake umekatika. Nje, maandamano yalikuwa hayajaisha kupita. Kila kelele za waandamanaji zilipopanda, vioo vya madirisha vilitetemeka.

"Ameteleza, afande," alisema konstebo. "Ngazi zenyewe hizi, hata paka angevunjika kiuno."

Inspekta alichuchumaa, akaifunua kola ya shati. Shingoni, upande wa mbele, palikuwa na mchubuko mwembamba mwekundu.

"Aliyeteleza hakabwi na mkanda wake mwenyewe," alisema. "Amevutwa kutoka nyuma."

Kifuniko cha kadi ya picha ubavuni mwa kamera kilikuwa wazi. Kadi hakuna.

Simu ya inspekta ikalia. Mkuu wa kituo.

"Andika ajali, urudi. Mji unawaka moto huku."

"Nipe mpaka saa kumi, mkuu."

"Saa tisa!" Akakata.

Mke wa marehemu alikuwa ghorofa ya pili, amekaa sakafuni, khanga imemdondoka begani bila yeye kujua. Asubuhi alikwenda sokoni. Waandamanaji wakamfungia njia, akarudi akamkuta mumewe amekwisha kupoa.

"Pole, mama. Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Nani hakuwa nao? Kila maandamano yupo. Wakubwa wanamchukia, hata waandamanaji wengine." Alijifuta pua. "Tangu binti wa fundi akamatwe, hata usingizi alikuwa hapati."

"Fundi yupi?"

"Fundi cherehani wa hapo chini. Gazeti lilitoa picha aliyoipiga mume wangu ukurasa wa kwanza, uso wa yule mtoto katikati. Kesho yake wakamfuata nyumbani. Wiki sita ndani."

"Na kadi ya kamera imeibiwa."

Mjane aliinua kichwa. "Ipi? Ziko mbili. Nyingine ina kifuniko chake, chini ya kamera. Kila picha inaingia kwenye kadi zote mbili."

Inspekta aliteremka vidato viwili viwili, akaichukua kamera na kufungua kifuniko cha chini: kadi ya pili ilikuwemo.

Fundi alikuwa kwenye kibanda chake pembeni ya mlango wa jengo, tepu ya kupimia shingoni, anapiga pasi suruali iliyokwisha kunyooka kitambo.

"Leo ulifungua saa ngapi, mzee?"

"Sikufungua, afande. Nilipoona watu wanakusanyika, saa tatu nikafunga, nikaenda kwangu. Nimerudi sasa hivi."

"Ulipita njia gani?"

"Ile ya nyuma."

"Nyuma pana kizuizi cha polisi tangu alfajiri. Hapiti mtu."

Pasi ilisimama. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda. Inspekta akaichukua pasi mkononi mwa fundi, akaisimamisha pembeni, kisha akawasha kamera.

"Picha ya mwisho aliipiga kutoka juu ya paa. Saa nne na dakika arobaini na moja. Mlango wa kibanda hiki uko wazi. Aliyesimama mlangoni na kutazama juu ni nani?"

Fundi alitazama. Akatafuta stuli kwa mkono, akakaa.

"Nilimsubiri kwenye ngazi," alisema taratibu. "Binti yangu amerudi kutoka huko ndani haongei, anashtuka hata mlango ukigongwa. Leo nimeamka, kitanda kitupu. Ameenda tena. Nikasema, huyu bwana atampiga picha tena, na safari hii hawatamrudisha."

"Ukamwambia nini?"

"Nipe kadi. Akasema, 'Kaka, hebu tukae nikuonyeshe.' Sikutaka kuonyeshwa. Alipogeuka kushuka nikashika mkanda, nikavuta. Ukakatika, akaporomoka hadi chini."

"Alikuwa anapumua?"

Fundi aliivuta tepu shingoni, akaanza kuikunja.

"Mzee. Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo. Nilichukua kadi kwanza. Nilipomgeukia, alikuwa amenyamaza."

Alitoa kadi mfukoni mwa shati, akaiweka mezani kati ya vifungo na vipande vya chaki.

Mtaani mtu alipiga filimbi, miguu mingi ikakimbia, kisha ikarudi kutembea. Inspekta alikuwa na haki ya kumfunga pingu na kwenda zake. Saa tisa ilikuwa karibu. Badala yake alivuta kiti, akaanza kurudisha picha nyuma moja moja, kamera kati yao.

Migongo. Ngumi zilizoinuliwa. Mabango, visigino, visogo. Mamia ya picha, na hakuna hata mwandamanaji mmoja unayeweza kuuona uso wake.

"Alitaka kukuonyesha hizi," alisema.

Fundi aliinama, pua karibu iguse kioo. Kidole chake kikatua juu ya mgongo mmoja mwembamba, safu ya mbele kabisa, gauni la kijani lenye mshono wa zigizaga begani.

"Ni yeye," alinong'ona. "Hilo gauni nimemshonea mimi."

Akamnyooshea inspekta mikono yake yote miwili, afungwe pingu.