Ruhusa ya Tovuti Zote

Asubuhi ile kibodi ilikuwa na mate.

Si maji, si chai. Mate. Fundi wa tovuti aliinua kidole, kikanyanyuka na uzi mzito wa ute, unanuka kama kinywa cha mtu mwenye jino bovu. Akaufuta kwa shati kuukuu, akilaani. Alikuwa mtu wa hasira za karibu.

Hasira hizo ndizo zilizomponza jana yake. Kwenye kivinjari chake cha kufungulia tovuti alikuwa amepachika programu ndogo, Kipekuzi, kazi yake kupasua ukurasa wa tovuti na kumwonyesha matumbo yake, aone ugonjwa uko wapi. Kipekuzi hakiingii mahali ambapo hakijaruhusiwa. Kila tovuti mpya, lazima fundi aandike anwani yake kwenye orodha. Andika, hifadhi. Andika, hifadhi.

"Kwani mimi bawabu?" alifoka, akabonyeza: Ruhusu kwenye tovuti zote.

Sasa alifungua ukurasa wa habari. Kipekuzi kikaamka, na chini kabisa palikuwa na mstari usioandikwa na fundi yeyote: Nimeonja. Pakavu. Akafungua utabiri wa hali ya hewa. Nimeonja. Baridi.

Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, akaingia ameshika kiuno.

"Baba Kijacho, humu kafia panya?"

"Panya gani! Kompyuta hii inanuka yenyewe."

"Basi ipigishe mswaki." Akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Hebu nifungulie ile picha ya kliniki. Mtoto hajacheza tangu jana jioni. Nataka nimwone tu."

Akaufungua ukurasa wa kliniki, na kabla picha ya mtoto haijakamilika Kipekuzi kilikwishaingia, na mistari ikaanza kushuka mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayelamba sahani, Nimeonja kisigino, laini, nimeonja sikio, laini zaidi, kesho nauma, huku ute wa manjano ukichuruzika kwenye matundu ya feni na kudondoka mezani, tap, tap, na ndani yake nywele ndefu zisizo za mtu yeyote wa nyumba ile.

"Mwite shangazi," mkewe alinong'ona, mikono yote miwili tumboni.

Shangazi huyo wa fundi alikuwa akitoa majini majumbani mwa watu, na hakuwa na maneno mengi. Alifika kabla ya adhuhuri, akasimama mlangoni, leso puani.

"Jini ni kiumbe wa hodi. Nani alimwambia karibu?"

"Nilibonyeza mahali, shangazi."

"Ukamfungulia milango mingapi?"

"Yote."

"Mtu mzima ovyo! Haya, uliyefungua ndiye utakayefunga. Kwa mkono wako. Ukibakiza hata tundu la sindano, mimi simo."

Shangazi akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Fundi akabadilisha: Kwenye tovuti hizi tu. Kisha akafuta anwani za orodha ya zamani, moja baada ya moja, na kila aliyoifuta kompyuta ilicheua donge la nywele lililolowa, likaanguka sakafuni kama kamasi.

Ikabaki moja. Ilikuwa anwani ya kompyuta yake mwenyewe, pale anapojaribia kazi kabla ya watu kuiona. Mafundi huiita nyumbani, na hakuna fundi anayeifunga. Huo si mlango, alijiambia. Hapa ni kwangu. Akaiacha.

"Umefunga yote?"

"Yote, shangazi."

Harufu ikakatika. Mkewe akashtuka, akalishika tumbo, akalia kwa furaha. "Anacheza! Huyo, anacheza!"

Fundi alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Asubuhi kibodi ilikuwa kavu. Akaifungua kazi yake pale nyumbani. Kipekuzi kikaamka.

Hapa panatosha, kiliandika. Nimeonja ulimi.

Akahisi kitu kikimtekenya kooni. Akaingiza vidole, akakamata unywele, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukaja mrefu zaidi, umelowa, unanuka jino bovu, ukazidi kuja hadi kinywa kikajaa tele na pumzi ikabaki ya puani tu.

"Baba Kijacho!" mkewe aliita kutoka chumbani. "Njoo umguse mwanao, anacheza!"

"Nakuja," sauti ya fundi ikajibu, tamu, wala yeye hakuwa na nafasi kinywani ya kutamka neno.

Na miguu yake ikaanza kutembea.