Alisema Alianza Peke Yake

— Sikusaidiwa na mtu! Yote mnayoyaona leo ni jasho langu mimi mwenyewe!

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Baba Pacha alikuwa jukwaani, suti imemkaa sawasawa, tuzo ya mjasiriamali bora kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mstari wa mbele, mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameshanyanyua mikono apige makofi. Mikono ikagandia hewani.

Pembeni yake baba mkwe, mwalimu mstaafu, alikuwa akichekelea.

— Huyo ndiye mwanangu! akasema kwa sauti watu wasikie.

Mama Pacha akajipa moyo. Sasa hivi atanitaja, aliwaza. Mumewe akamshukuru Mungu, akawashukuru wateja, akamshukuru hadi kijana wa vipaza sauti. Kisha akashuka.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, ndipo alipoona mkewe hasemi.

— Mbona umenuna?

— Hivi mimi kwenye ile karakana yetu ya samani ni nani?

— Swali gani hilo? Unanisaidia.

— Nakusaidia?

— Sasa ulitaka nisemeje? Siku moja tu ya furaha yangu, tayari umeshaiharibu!

Mama Pacha aligeukia dirishani. Alikuwa akikumbuka mwaka ule mumewe alipopunguzwa kazi kiwandani, akawa anashinda kitandani amegeukia ukuta. Yeye ndiye aliyekuwa na cherehani, akishona mapazia. Siku moja alilibomoa sofa lao la pekee, akachomoa msumari mmoja mmoja aone lilivyotengenezwa ndani. Mume akadhani amerukwa na akili. Kwa miezi mingi familia ilikaa chini kwenye mkeka, huku yeye akijifunza kukata sponji na kuvuta kitambaa mpaka vidole vinatoka damu. Alipoweza, alimwinua mumewe kitandani: wewe chonga fremu, mimi nivalishe. Hivyo ndivyo karakana ya samani ilivyoanza. Na ukweli usemwe, mume naye alichapa kazi. Wateja wakubwa aliwatafuta yeye, kwa jua na kwa mvua.

— Sikatai jasho lako, Mama Pacha akasema walipofika nyumbani. Ila la kwangu umelipeleka wapi?

— Unakula vizuri, unavaa vizuri, watoto wanasoma shule nzuri. Unataka nini tena?

— Haki yangu.

— Haki yako ipi? Hata nikiajiri fundi mwingine, kazi itaenda.

Maneno hayo yalimtoka haraka mno, na hakuyarudisha.

Mama Pacha aliingia chumbani, akapanga nguo zake na za mapacha, mabinti zao. Mume alisimama mlangoni.

— Unaenda wapi?

— Kwa dada. Ajiri huyo fundi.

Dada yake alikuwa nesi, mwanamke wa maneno machache na makali. Aliwapa chumba cha nyuma bila kuuliza mengi. Mama Pacha akakaa anangoja simu. Alikuwa na hakika kwamba wiki haitaisha kabla karakana haijayumba na mumewe hajaja mbio akihema.

Simu haikuja. Ukaja ujumbe:

"Nimepata fundi. Ana mkono mzuri. Hatujachelewesha hata oda moja. Wasalimie watoto."

Mama Pacha aliusoma akaitupa simu kitandani.

— Kwani ulitaka biashara ife? dada akamuuliza.

— Hapana... Ndiyo! Isife, lakini walau ilegee kidogo! Yaani hata isishtuke, dada? Miaka yote ile?

— Mdogo wangu, sofa halijui nani kalishona.

— Usinitanie.

— Sikutanii. Unangoja mbao na sponji zikutetee. Hazina mdomo. Kama kazi unaijua, nenda kaombe kwingine.

Akaenda. Upande wa pili wa mji kulikuwa na karakana kubwa, na mwenye mali alikuwa mama mmoja mnene, miwani ameining'iniza kifuani.

— Una uzoefu gani?

— Samani za Mapacha mnazifahamu? Mimi ndiye niliyezianzisha na mume wangu. Mitindo yote ya sofa ni ya kwangu.

Yule mama alivaa miwani akamtazama vizuri.

— Mwanangu, yule bwana nimemsikia mwenyewe redioni, akihojiwa baada ya ile tuzo. Alisema alianza peke yake, hakusaidiwa na mtu.

— Alikosea.

— Sasa nani anadanganya, yeye au wewe?

— Mama, nipe kitambaa na kiti chochote, nikuvalishie hapa hapa uone.

— Mafundi wa kuvalisha ninao. Nilikuwa natafuta msimamizi, mtu wa kuaminika. Na wewe unaanza kwa kudai tuzo ya mwenzako. Samahani, mama.

Mama Pacha alitoka. Akasimama kwenye kivuli cha duka la vyombo, akampigia mumewe.

— Haloo?

— Umeniua, Baba Pacha.

— Nini tena?

— Nimetoka kuomba kazi. Nimeambiwa mimi mwongo! Wamekusikia redioni. Ulidhani unajisifu tu, kumbe unanifuta! Leo nikisema nilichokifanya kwa mikono yangu hii, mimi ndiye ninayeonekana mwizi!

Upande wa pili msumeno ukazimwa.

— Sema kitu!

— Uko wapi? Nakuja.

— Usije hapa. Njoo kwa dada.

Alifika na nguo za kazi, vumbi la mbao limejaa nyusi. Dada akawachukua mapacha akaenda nao uani. Wawili wakabaki sebuleni, yeye kwenye kochi, mume kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

— Biashara inaenda, mume akaanza. Sitakudanganya kwamba imekwama.

— Umekuja kunitambia?

— Nimekuja kusema ukweli. Inaenda. Ila siku ile jukwaani nilikuwa nimeshafungua mdomo nikutaje, nikamwona baba.

— Baba kafanya nini?

— Unajua alivyokuwa akiniita nilipokosa kazi. Mwanaume wa kulishwa. Mbele ya ndugu zangu wote. Nikaona nikikutaja, atasema, si niliwaambia.

— Kwa hiyo ukanitoa kafara ili baba yako akupigie makofi?

Mume akainamisha kichwa.

— Nisamehe.

— Mimi nisamehe hapa sebuleni, na mji mzima uendelee kuamini uongo? Mpigie baba yako. Weka sauti nje.

— Sasa hivi?

— Unataka ukajipambe kwanza?

Akapiga.

— Mjasiriamali wangu! sauti ya mzee ikajaa sebule.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Huyo mwanamke amerudi?

— Baba, ile karakana... tulianza pamoja. Yaani alinisaidia...

Mama Pacha akasimama aondoke. Mume akamshika mkono.

— Hapana, baba, nimesema vibaya. Aliianza yeye. Mimi nilikuwa nimelala, yeye akaniinua. Nilichosema jukwaani kilikuwa uongo.

— Acha upuuzi! Mke kazi yake ni kusaidia. Jina ni la mwanaume. Unataka unitie aibu, watu wakucheke kwamba bado unalishwa?

— Wacheke, baba. Nilikula kwa jasho lake, na alikula kwa langu. Kesho naenda kule redioni kusema hivyo hivyo.

— Ukienda, usiniite baba!

Simu ikakatwa. Mume alibaki akiitazama, macho yamelowa. Mama Pacha hakumfariji, lakini pia hakuutoa mkono wake.

— Turudi nyumbani, mume akasema polepole.

— Si leo.

— Nimeshasema kila kitu!

— Umesema. Sasa tufanye. Ukitoka redioni, tunakwenda kwa wakili. Niandikwe mbia, nusu kwa nusu.



— Nusu?

Mama Pacha akamtazama tu.

— Nusu, akajibu haraka.

— Na yule fundi uliyemwajiri asifukuzwe. Mwenye mkono mzuri anastahili kazi yake. Mimi nitakuja kama mwenye mali.

— Na mimi je? Nyumbani nitaendelea kulala peke yangu?

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya tuzo, Mama Pacha alikaribia kucheka, akajizuia.

— Si ulisema hukusaidiwa na mtu? Hebu jaribu kidogo uone inavyokuwa. Nikikusikia redioni kwa masikio yangu, nitafungasha nguo za watoto.

— Na zako?

— Na zangu. Sasa nenda kaoge, una vumbi mpaka masikioni.