Sahihi ya Pili

Sahihi ilikuwa tayari kwenye lebo, kwa wino wa kahawia ambao haujakauka, na Chiriku alijua fika kwamba si yeye aliyeiweka.

Walikuwa wanafunzi wawili wa famasia, wamekuja kufanya mazoezi ya wiki nane kwenye duka la dawa la hospitali. Mmoja aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, mwingine Kimya kwa sababu hiyo hiyo kinyume chake. Msimamizi wao, mfamasia wa makamo, alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wakambatiza Mama Hakiki: anayehesabu dawa hajikagui. Mwenzake ndiye analinganisha pakiti na cheti cha daktari, kisha anasaini. Mwisho wa mazoezi, mmoja kati yao angebakizwa kwa ajira, na mama yake Chiriku alikwisha kuwatangazia majirani ni nani.

Lakini kipenzi cha Mama Hakiki alikuwa Kimya. Kimya akipiga chafya, anasifiwa kwa kuziba pua. Chiriku aliona wivu mpaka chakula kikamkataa.

Asubuhi ile Kimya alifungasha vidonge vya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu. Chiriku aliliona kosa mara moja, na moyo wake ukafurahi. Alikisukuma kikapu chenye pakiti hiyo kuelekea dirisha la kutolea dawa bila kusaini, akanong'ona, "Ahakiki anayetaka. Si mimi." Akaenda stoo kupanga maboksi.

Aliporudi, ndani ya pakiti mlikuwa na chupa ya dawa ya maji, kipimo sawasawa, na kwenye lebo ile sahihi mbichi. Palinuka nywele zilizoungua.

Kimya alikwisha kugundua kosa lake na kukiri huku akilia. Mama Hakiki aliinua chupa.

"Nani amemwokoa mtoto huyu?"

Chiriku akajibu, "Mimi, Mama."

"Basi ni wewe," akasema Mama Hakiki, akamshika bega kwa mara ya kwanza tangu aje.

Na huko stoo, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya kukwaruza ikasema taratibu, "Basi ni mimi."

Tangu siku hiyo kila pakiti ilikuwa imehakikiwa kabla Chiriku hajaifikia, na wino ule wa kahawia ulikuwa ukiandika herufi za jina lake. Sifa zikamiminika, naye akazipokea zote. Mchana, watu wakienda kula, alisikia vidonge vikihesabiwa stoo, tano, kumi, kumi na tano, kwa sauti iliyokwaruza siku ya kwanza, ikalainika siku ya pili, na kufikia wiki ya saba ilikuwa sauti yake mwenyewe, na vituo vyake vya kupumua, na kale kakikohozi anakokohoa akifika hamsini, hata akajikuta amesimama nje ya mlango ameziba mdomo kwa mikono miwili kuhakikisha kwamba si yeye anayehesabu.

Siku moja kabla ya tathmini ya mwisho, Kimya alimvuta pembeni ya kabati la sindano.

"Dada, asante kwa jana," alinong'ona. "Sikujua unaweza kunichekesha vile."

"Jana nilikuwa kitandani na homa."

Kimya alirudi nyuma hatua moja. "Basi nilikuwa na nani?" Kisha akamkaribia zaidi. "Ile chupa ya mtoto. Kama si wewe uliyehakiki, mwambie Mama leo. Sema tu ukweli."

"Nikisema, nafasi inakuwa yako."

"Nafasi si kitu, dada. Mimi naogopa."

Chiriku aliogopa pia, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba Kimya alicheka na huyo mwingine, ilhali kwake hajawahi kutoa hata tabasamu. Alisema kwamba anaijua janja hiyo, akaondoka. Mama Hakiki hakuambiwa neno.

Siku ya tathmini alifika mapema, akaukuta mlango wa wafanyakazi umefungwa kwa ndani. Aligonga, hakufunguliwa. Alizunguka hadi upande wa wagonjwa, akapenya foleni huku watu wakimlalamikia, akafika dirishani. Kupitia kioo alimwona Mama Hakiki akiandika alama kwenye kitabu, uso umemng'aa, na mbele yake Kimya, na kando ya Kimya msichana aliyevaa koti jeupe, amewawekea wote wawili mikono begani, wanacheka, na Chiriku hakuwahi kumwonea mtu wivu kama aliomwonea yule, hata kabla hajageuka, hata kabla hajauona uso wake mwenyewe ukimjia dirishani kwa upole.

"Mama, ni mimi," Chiriku alisema, akipiga kioo.

Mama Hakiki aliinua macho, akamtazama kama anavyomtazama mgonjwa yeyote. "Subiri, mwanangu, utahudumiwa."

Yule wa koti jeupe aliinama kwenye tundu la dirisha. Pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua. Akauliza swali ambalo kila mgonjwa huulizwa kabla ya kupewa dawa:

"Jina lako nani?"

Chiriku alifungua mdomo. Alilitafuta jina lake, akalitafuta tena, na nyuma yake watu wa foleni wakaanza kumwambia asogee.